Nyuzi Nilizozifumua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Wamenikata unyayo. Lile doa jeusi la mguu wa kulia, karibu na kisigino — limeondoka, au kipande chake kimeondoka, sijui. Sasa liko ndani ya kichupa cha maji ya dawa, limeandikwa jina langu kwa mwandiko wa kuku. Nimeishi nalo tangu usichana, dogo kama punje ya mtama, halina neno na mtu. Mwaka huu likaamua kutambaa. Binti yangu aliliona alipokuja likizo, akapiga ukelele kama kaona nyoka. Nimekwenda ili anyamaze tu.

Daktari ni mtoto. Ana waya kwenye meno! Namwita Daktari Mtoto na sina mpango wa kumbadilishia jina. Kaniambia kipande kinakwenda maabara, na mimi nirudi Jumatatu ya tarehe 17 kutoa nyuzi. Nikamwuliza kama anajua kushona. Eti kasomea. Alipomaliza nikajiinua nikatazama: nyuzi nne, mmoja umevutwa mpaka ngozi imekunjamana, mwingine umelegea, na nafasi kati yake kila moja na kipimo chake. Pindo la namna hiyo angeniletea mwanafunzi wangu ningemrushia usoni. Hata kile kipande cha nyama kakiachia uzi unaning'inia. Miaka ishirini na sita niko kwenye cherehani, nadhani najua ninachosema.

Aliongea na mengine mengi. Mimi nilikuwa naangalia kalenda ya ukutani, ya mwaka juzi. Hospitali nzima hamna mwenye akili ya kuiondoa.

Bwana Sawa alikuwa ananingoja nje. Ndiye mume wangu. Jina hilo nilimpa mwaka wa pili wa ndoa, maana ukimwambia nyumba inaungua atakujibu sawa. Kazi yake ni kusoma mita za maji, mtaa kwa mtaa, na naamini anaelewana na mita kuliko watu. Kauliza imekuwaje. Nikasema wamekata. Kasema sawa.

Alhamisi, 6 Juni

Siruhusiwi kukanyaga. Mguu ukae juu ya mto, eti, mimi mwenye sare mia na arobaini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa tarehe mosi! Mguu wa kulia ndio wa pedali. Nimejaribu wa kushoto, mshono ukaenda kama mlevi.

Bi Vifungo kaniambia nipumzike, afya kwanza. Tunashea chumba cha kazi: mimi nakata na kushona, yeye anatia vifungo, anapiga pasi na kuongea. Mtu anayetia vifungo sita kwenye shati la vifungo saba ndiye wa kunifundisha kipi cha kwanza.

Wifi naye kapiga simu. Dada yake Bwana Sawa, mwenye dawa ya kila kitu na elimu ya hakuna kitu. Eti doa likikatwa linakasirika. Nikamwambia likikasirika nitalipatia namba yake waelewane.

Jumatano, 12 Juni

Nimezitoa mwenyewe.

Saa nne asubuhi, dirisha wazi, mwanga safi, mguu juu ya goti. Kale kachuma kangu ka kufumulia nimekachemsha, kisha nikakapitisha kwenye spiriti — mimi si mchafu. Kata chini ya fundo, vuta upande wa fundo. Dakika tatu. Uzi wa tatu ulikuwa umezama, ukanitoa chozi, moja tu. Na kwa kazi hii nilitakiwa nikapange foleni asubuhi nzima, na watu wanaokohoa bila kuziba mdomo?

Nimezipanga zote nne kwenye karatasi nikazitazama. Nailoni nyeusi, imara kweli. Uzi mzuri, fundi hakuna.

Bwana Sawa karudi, kauona mguu. Halafu: si walisema Jumatatu? Nikamwambia Jumatatu walitaka kutoa nyuzi, nyuzi zimetoka, sasa niende kufanya nini, kuwasalimia? Kasema sawa.

Ijumaa, 14 Juni

Mshono umeachia. Jana nilikanyaga pedali saa sita mfululizo, sketi ishirini na mbili, nikajiona kidume. Leo asubuhi soksi imegandia unyayoni. Nimeilowesha mpaka ikatoka, nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga bandeji kwa kubana. Kidonda kimefunguka kama mdomo. Kitambaa ukikishona leo, leo hii kimeshika. Nyama kumbe ina ratiba yake.

Bi Vifungo kauliza mbona nachechemea. Nikasema kiatu.

Jumatatu, 17 Juni

Sijaenda. Sare sitini na mbili bado.

Jumatano, 26 Juni

Kidonda kimefunga, kwa ubishi wangu. Kovu lenyewe ni baya, pana kama kidole gumba, linang'aa. Nani atanitazama unyayo.

Kuna namba nisiyoijua inanipigia. Mara tatu wiki hii. Jana nilipokea: sauti ya kike, laini, imelainishwa kwa makusudi, eti naongea na mama fulani? Na jina langu kamili! Nikakata. Matapeli siku hizi wanajua hata ubini wako. Wanadhani kila mwanamke mwenye umri wangu ni wa kuambiwa ameshinda friji.

Jumatatu, 1 Julai

Shule zimefunguliwa. Sare zote zimetoka, hata moja haikuchelewa. Nimesimama mlangoni nikawaona watoto wanapita, kola zimesimama, marinda yamelala sawa. Walimu wao wamevaa mashati yaliyokunjamana kama wamelala nayo.

Saa tatu namba ile tena. Sikupokea, nikaandika ujumbe: "Tafuta kazi, mwizi wewe. Mama yako anajua unachofanya?" Kimya tangu hapo. Dawa ya moto ni moto.

Alhamisi, 4 Julai

Ilikuwa hospitali.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Waliposhindwa kunipata wamempigia Bwana Sawa. Namba yake niliijaza kwenye fomu, pale pa ndugu wa karibu, maana hapakuwa na mwingine wa kuandika. Karudi mapema, kaketi mezani na buti zake za kazini, matope mpaka chini ya meza. Kasema majibu yangu yako tayari tangu ile Jumatatu ya kutoa nyuzi. Wananitafuta.

Nikamwuliza mtu anatafutwa ya nini kama majibu ni mazuri. Nilitegemea aseme sawa. Hakusema. Katazama matope yake, na mimi nimemchukia kwa ule ukimya kuliko neno lolote alilowahi kunitamkia.

Basi niseme hapa, maana hapa hakuna wa kunisikia. Siku ile sikuwa naangalia kalenda tu. Nilimsikia Daktari Mtoto. Nilisikia "majibu" na nikasikia "siku hiyohiyo ya nyuzi". Nikaamua sikusikia. Nilipokuwa nafumua zile nyuzi nilijiambia nakwepa foleni, na nikajisifu kwa mkono mwepesi. Mwoga mkubwa mimi. Bi Vifungo mwenyewe, na ujinga wake wote, angekwenda.

Ijumaa, 5 Julai

Yule wa dirisha la mapokezi hospitalini alipoona jina langu kamgeukia mwenzake, wakabana midomo. Kauliza kwa adabu zote kama mimi ndiye wa ule ujumbe. Nikasema ndiyo. Kasema mama yake anajua, na ananisalimu. Nimekwenda kukaa kwenye benchi.

Daktari Mtoto hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali, ningekuwa na la kumjibu. Kafungua karatasi, kasema kwanza kabisa: si saratani.

Nikashusha pumzi, nikachukua mkoba, nikasimama. Kaniambia nikae, hajamaliza.

Si saratani, lakini si doa la kawaida pia. Chembe zake, zile zinazoijenga ngozi, zimepoteza umbo. Maabara wanazipanga kwa daraja: zilizobadilika kidogo, kiasi, na sana. Zangu ni sana. Nikamwuliza sana maana yake nini, anipe jibu la mtu mzima. Kasema doa la daraja hilo likiachwa laweza kugeuka saratani. Si lazima ligeuke. Ila likigeuka halitoi taarifa, na kwenye unyayo watu huchelewa kuliona. Kwa hiyo haliachwi.

Halafu ukingo. Kumbe kabla ya kukitazama kile kipande wanakipaka rangi pembeni, kuzunguka, ili wajue mkasi ulipita wapi. Chembe mbaya zikiwa katikati na pembeni pamebaki nyama safi, vizuri. Zikigusa rangi, ina maana mkasi ulipita katikati yake, na zingine zimebaki mwilini. Zangu upande mmoja zimegusa rangi.

Alianza kunichorea. Nikamwambia aache. Hilo najua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa: ukikata juu ya mstari wa chaki, bila nafasi ya mshono, umeharibu nguo. Nikamwambia, kwa hiyo wewe ulikata vibaya.

Hakutikisika. Kasema kile kilikuwa kipimo, siyo tiba. Wanachukua kidogo wajue ni kitu gani, ndipo wanajua wakate kiasi gani. Kasema: "Mama, hata wewe huwezi kukata kabla hujapima." Kadude kadogo, meno ya waya, kanikamata kwa kazi yangu mwenyewe.

Kisha kataka kuuona mguu. Hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze. Kaushika, kaugeuza kwenye taa, kauliza nani alitoa nyuzi. Mimi. Kwa nini? Nikasema nina ujuzi. Kaandika kitu. Naapa kaandika neno kwa neno.

Angeniona tarehe 17, kovu likiwa jembamba, angejua pa kuanzia: nusu sentimita kuzunguka mshono, basi. Sasa limetanuka, ukingo wa zamani hauonekani, itabidi wakate kuzunguka kovu lote. Ngozi ya unyayo haivutiki. Huenda wachukue kipande pajani waje wazibe. Yaani kiraka. Mimi nitatiwa kiraka, kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi tarehe 11. Nije na mtu. Na watanikagua mwili mzima, maana mwenye doa la hivi, kasema, huenda ana jingine.

Jumapili, 7 Julai

Wifi kaja bila taarifa, kama kawaida yake. Kaikuta karatasi ya majibu juu ya kabati, kaisoma kwa sauti, kafika kwenye "hakuna saratani iliyoonekana" na kuanza kulia kwa furaha na kunikumbatia. Hakusoma mstari wa pili! Chini yake yako maneno kumi na moja kwa herufi kubwa, kwamba chembe zimebadilika sana na zimefika ukingoni, hakuyaona. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze yeye ni mtu wa namna gani. Nikakumbuka nilivyochukua mkoba kule kwa daktari. Nikafunga mdomo.

Alipoondoka Bwana Sawa kaichukua ile karatasi kakaa nayo dirishani. Nilimwacha, nikijua haelewi. Imeandikwa chembe zimefika ukingoni "saa tatu". Mimi nilidhani ni saa waliyopima. Yeye kachukua penseli, kachora unyayo, kovu kalizungushia namba kama uso wa saa: kumi na mbili upande wa vidole, sita upande wa kisigino, tatu pembeni. Kaweka alama pale. Hapa ndipo zilipobaki, kasema. Na ule uzi uliokuwa unaning'inia kwenye kipande, nikauelewa wakati huo: ulikuwa alama, waujue upande wa juu. Daktari Mtoto hakuusahau. Nilimdharau kwa kitu pekee alichokifanya vizuri kabisa.

Sikumwambia Bwana Sawa kwamba kanisaidia. Nilimwambia unyayo wangu haujanenepa hivyo.

Jumanne, 9 Julai

Nimetaka kughairi. Nilishika simu kabisa. Hoja zangu ni nzuri: haliumi, si saratani, kuna sare za kwaya, na aliyekata mara ya kwanza ndiye wa kukata tena. Funika kombe. Nikajisikiliza, nikasikia ni Wifi anaongea mdomoni mwangu, mstari wa kwanza na machozi. Nikaweka simu.

Kwa hiyo nakwenda, na naogopa. Naogopa kisu, naogopa kiraka, naogopa kukaa wiki tatu bila pedali nikimsikiliza Bi Vifungo. Zaidi naogopa karatasi itakayofuata.

Bwana Sawa kaomba ruhusa kazini bila kuniuliza. Nikamwambia haina haja, atakwenda kukaa pale kama kabati. Kasema sawa, atakaa kama kabati.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika hospitalini, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, ndilo nililokuwa nalo mkobani. Sijakatwa bado.

Wamenivisha gauni la karatasi. Kamba mbili mgongoni, hazifikiani. Aliyelikata alimpima mtoto wa darasa la pili, kisha akaongeza urefu kwa huruma. Nimekaa juu ya kitanda kirefu, miguu inaning'inia. Bwana Sawa kwenye kiti cha pembeni, kashika blauzi yangu kwa mikono miwili.

Daktari Mtoto kaanza ukaguzi chini kwenda juu, na kijitaa chenye kioo cha kukuza. Kati ya vidole, nyuma ya magoti, tumboni. Hakuna kitu. Nikaanza kupata nguvu, nikamwuliza kama anatafuta senti iliyodondoka. Kacheka. Kaniambia nigeuke, mgongo ni mahali ambapo mtu hajioni. Kisha kamgeukia Bwana Sawa, kamwuliza kama kuna alama yoyote ameiona inabadilika.

Nikasema mimi: huyu haoni kitu.

Bwana Sawa kainuka. Kaiweka blauzi kitini. Kidole chake kimegusa chini ya bega la kushoto, moja kwa moja, bila kutafuta. Kasema hili. Mwaka juzi lilikuwa duara, rangi moja. Mwezi wa pili likatoa mkia upande wa chini. Mwezi wa tano rangi ikawa mbili. Kaongea kwa sauti ileile anayoripotia mita, bila kuongeza wala kupunguza.

Daktari kasogeza taa. Nilikuwa nangoja aseme ni kovu la chunusi. Kaenda upande wa pili, katazama tena, kaomba rula, kapima mara mbili. Kasema twende polepole, unyayo utakatwa leo kama ulivyopangwa, lakini hili anataka mkubwa wake alione kwanza. Katoka. Kaacha mlango wazi.

Tumebaki wawili.

Nimemwuliza: tangu mwezi wa pili unaliona? Ndiyo. Na mguu wangu ulipokatwa, ulikuwa unalijua? Ndiyo. Na hukusema!

Kaichukua tena blauzi. Kaikunja, mkono juu ya mkono, vizuri kuliko ninavyomfahamu. Kasema: ningekwambia, ungenijibu nini?

Nimetafuta. Huwa sikosi la kumwambia, miaka ishirini na minne sijawahi kulikosa. Leo najua ningejibu nini, najua mpaka sauti ambayo ningejibu nayo: kasome mita zako. Ningesema hivyo nikiwa sijageuza hata shingo, kisha ningeendelea kukata kitambaa. Naye alilijua jibu hilo, ndiyo maana alikuwa analitazama doa kila nikivua nguo, mwezi baada ya mwezi, na kusema sawa.

Sikumwomba radhi. Sijui inaanzaje. Nimemwuliza kama kuna mengine. Kasema kuna moja shingoni, chini ya nywele, lakini hilo halijabadilika. Na moja kiunoni, hilo hana uhakika nalo.

Viatu vinakuja kwenye korido, watu wawili, mmoja mzito. Bwana Sawa alikuwa anarudi kwenye kiti chake. Nimemwambia asikae, asimame hapa nyuma yangu, na wakiingia awaambie yote, la bega, la shingo, la kiuno na tarehe zake, hata nikimkatiza.